Nuru Inayowashwa Njiani: Historia ya Kutafuta Chanzo cha Mionzi ya Kwasari



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumzia jambo lililo mbali mno na macho yetu. Nalo ni ile mikondo mirefu ya nuru inayobubujika kutoka katika vitovu vya galaksi za mbali, pamoja na swali lililowashughulisha wanafalaki kwa zaidi ya miaka mia moja: je, nguvu ya nuru hiyo hutoka wapi? Huenda wengine wakauliza ni kwa nini tuyaache mambo ya hapa duniani tukapande huko juu. Jibu letu ni fupi. Historia hii yatuonyesha namna ukweli unavyopatikana: polepole, kwa mikono ya watu wengi wa mataifa mengi, na mara nyingine kwa gharama ya kuyaacha maelezo mazuri ambayo wengi walikwisha kuyapenda. Tena, sura moja ya historia hii ilianzia katika maji ya pwani yetu wenyewe, na jina lake ni neno la Kiswahili.

MSTARI MNYOOFU USIO NA MAELEZO

Mwaka 1918 mwanafalaki wa Marekani, Heber Curtis, alikuwa akipitia picha zilizopigwa katika kituo cha Lick huko California. Miongoni mwa hizo ilikuwamo picha ya doa la ukungu katika kundi la nyota la Mashuke, doa ambalo leo tunalijua kuwa ni galaksi kubwa iitwayo M87. Curtis aliona kitu cha ajabu: mstari mwembamba, mnyoofu, uliotoka katika kitovu cha lile doa kana kwamba umefungwa hapo kwa uzi. Hakuwa na maelezo yoyote. Aliandika alichokiona, akaendelea na kazi yake. Wakati huo ilikuwa haijathibitishwa hata kama madoa ya namna hiyo yamo ndani ya galaksi yetu au ng'ambo yake.

Ikapita miaka thelathini. Katika kipindi hicho anga lilianza kusikika kwa njia nyingine. Mwaka 1933 mhandisi kijana wa kampuni ya simu ya Bell, Karl Jansky, alitangaza kwamba antena yake iliyokuwa Holmdel, katika jimbo la New Jersey, ilikuwa ikipokea mawimbi ya redio kutoka katika Njia ya Maziwa, yaani ule mkanda wa nyota tunaouona usiku wa giza. Mwaka 1949, huko Australia, John Bolton na wenzake Gordon Stanley na Bruce Slee walitambua kwamba baadhi ya vyanzo vikali vya redio angani viko mahali pale pale palipo na galaksi zinazoonekana kwa macho ya darubini. Kimojawapo kilikuwa M87, ile ya mstari wa Curtis. Kingine kilikuwa galaksi tunayoiita Centaurus A, ambayo tutaikuta tena mwishoni.

Sasa swali likawa zito zaidi. Nyota hung'aa kwa sababu ina joto. Lakini mawimbi haya ya redio hayakufanana kabisa na mng'ao wa kitu chenye joto. Ufunguo ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1947, katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, New York, mafundi walikuwa wakiendesha mashine ya kukimbiza elektroni katika duara kwa nguvu za sumaku, mashine iitwayo sinkrotoni. Wakaona nuru kali ikitoka pale ambapo elektroni zilipinda njia yake. Elektroni iendayo karibu na kasi ya nuru, ikipindishwa na sumaku, hutoa nuru. Na kadiri inavyotoa nuru ndivyo inavyopoteza nguvu yake.

Mwaka 1950 Hannes Alfvén na Nicolai Herlofson walipendekeza kwamba mawimbi ya redio ya angani huzaliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1953 Iosif Shklovsky wa Urusi ya Kisovieti akaitumia hoja hiyo kueleza nuru ya mabaki ya nyota iliyolipuka, mabaki yajulikanayo kama Kaa. Mwaka 1956 ukapatikana ushahidi katika M87 yenyewe. Nuru inayozaliwa na elektroni katika sumaku ina alama yake: mawimbi yake hutikisika zaidi kwa upande mmoja kuliko pande nyingine. Walter Baade aliielekeza darubini kwenye mstari wa Curtis akaikuta alama hiyo. Mstari ule, basi, ulikuwa mkondo wa elektroni zenye kasi kuu, zikisafiri ndani ya uga wa sumaku.

Hapo hapo, wapendwa, lilizaliwa fumbo ambalo ndilo moyo wa tafakari yetu. Elektroni zinazotoa nuru ya kuonekana hupoteza nguvu upesi. Muda wao wa kung'aa ni mfupi kuliko muda unaotakiwa kuusafiri mkondo mzima, ambao kwa M87 una urefu wa miaka ya nuru ipatayo 5,000. Mfano wake ni kama mtu aliyetoka nyumbani na kibatari chenye mafuta ya saa moja, nasi tukamkuta njiani baada ya usiku kucha, na kibatari bado kinawaka. Ama kuna mtu anayemwongezea mafuta njiani, ama tumekosea kuhesabu.

MWEZI UNAFICHA NYOTA

Tarehe 5 Agosti 1962 mwezi ulipita mbele ya chanzo cha redio kilichoandikwa kwa namba 273 katika orodha ya tatu ya chuo kikuu cha Cambridge, ndiyo maana kikaitwa 3C 273. Cyril Hazard na wenzake waliutazama mpito huo kwa darubini kubwa ya redio ya Parkes huko Australia. Kwa kuwa mahali pa ukingo wa mwezi panajulikana kwa usahihi mkubwa, dakika ambayo sauti ya redio ilikatika, na dakika iliporudi, ziliwaonyesha chanzo kilipo. Walikuta madoa mawili ya redio. Moja lilikuwa juu ya kitu kilichofanana na nyota ya kawaida. La pili lilikuwa kwenye ncha ya uzi mwembamba wa nuru uliochomoza kandokando ya ile nyota.

Maarten Schmidt, Mholanzi aliyefanya kazi California, aliutawanya mwanga wa ile nyota katika rangi zake kwa darubini kubwa ya Palomar. Mistari aliyoiona haikulingana na kitu chochote kinachojulikana. Mwezi wa Februari mwaka 1963 ndipo alipotambua kwamba ilikuwa mistari ya kawaida ya haidrojeni, iliyosogezwa kuelekea wekundu kwa takribani asilimia 16. Maana yake ni kwamba kile kitu kilikuwa kikienda mbali nasi kwa kasi kubwa mno, na umbali wake ni zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru. Hakikuwa nyota. Kilikuwa kitovu cha galaksi, chenye mng'ao ulioifunika galaksi yote iliyokizunguka. Mwaka 1964 Hong-Yee Chiu alivipa vitu vya namna hiyo jina la kwasari.

Kuhusu mtambo uliomo ndani ya kwasari tutapita upesi. Mwaka 1964 Edwin Salpeter na Yakov Zel'dovich, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba nguvu hiyo hutokana na vitu vinavyoangukia kwenye shimo jeusi kubwa. Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell aliendeleza hoja hiyo. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walionyesha namna uga wa sumaku unavyoweza kuchota nguvu katika shimo jeusi linalozunguka, na kuisukuma nje kama mkondo. Mwezi Aprili 2019 ulimwengu ulionyeshwa picha ya kivuli cha shimo jeusi la M87, lenye uzito wa takribani majua bilioni 6.5. Kwa hiyo chemchemi ya mkondo imekubaliwa na wengi. Fumbo lilibaki kwenye mkondo wenyewe.

UHURU KARIBU NA MALINDI

Nuru haina aina moja. Mawimbi ya redio yana nguvu ndogo, nuru ya macho inazidi, eksirei zina nguvu maelfu ya mara kuliko nuru ya macho, na miale ya gama ina nguvu kubwa kuliko zote. Hewa yetu huzizuia eksirei za angani zisitufikie, jambo ambalo ni salama kwa miili yetu lakini ni kikwazo kwa wachunguzi. Ilibidi vyombo vipandishwe juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu kwa dakika chache tu, wakagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jua na sayari zake. Kazi hiyo ilimpatia Giacconi Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Dakika chache hazikutosha. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta: dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, huisaidia roketi. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Kwa heshima ya wenyeji, setilaiti ile ikapewa jina la Uhuru. Hivyo katika vitabu vya elimu ya falaki, kwa lugha zote za dunia, neno letu limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ihusuyo eksirei.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Ndani yake zimo M87 na 3C 273. Lakini Uhuru haikuweza kupiga picha. Ilijua tu kwamba eksirei zinatoka upande fulani wa anga. Picha zilianza na darubini iliyoitwa Einstein, iliyorushwa Novemba 1978, nayo ilionyesha kwamba mikondo yenyewe, mbali na kitovu, hutoa eksirei. Kabla ya hapo, mwaka 1976, setilaiti ya Ulaya iitwayo COS-B ilikuwa imepokea miale ya gama kutoka 3C 273, kwasari ya kwanza kujulikana kwa sifa hiyo.

Hapo lile fumbo la kibatari liliongezeka ukali. Ili elektroni itoe eksirei ndani ya uga wa sumaku wa mkondo, yapasa iwe na nguvu ya makumi ya trilioni za elektroni-volti, mara nyingi kuliko chochote tulichoweza kuzipa elektroni katika mashine zetu. Na elektroni ya namna hiyo huimaliza nguvu yake kwa miaka michache, au makumi machache ya miaka. Mikondo ya kwasari, kwa upande wake, ina urefu wa malaki ya miaka ya nuru.

PICHA ILIYOKUJA BILA KUTAFUTWA

Tarehe 23 Julai 1999 chombo cha Columbia, kikiongozwa na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuamuru safari ya namna hiyo, kilipeleka angani darubini ya eksirei iitwayo Chandra. Kama ilivyo kwa darubini yoyote mpya, mafundi walihitaji kitu cha kuilenga ili wairekebishe ione vizuri. Walichagua kwasari iliyoko umbali wa takribani miaka bilioni 6 ya nuru, yenye namba PKS 0637-752, kwa sababu walidhani ni nukta tupu isiyo na kitu kando yake. Badala ya nukta, picha ilionyesha nukta yenye mkia: mkondo wa eksirei wenye urefu wa zaidi ya miaka laki mbili ya nuru.

Tatizo halikuwa kuwapo kwa mkondo, kwa kuwa darubini za redio zilikwisha kuuona. Tatizo lilikuwa mng'ao wake. Kama elektroni zote za mkondo ni jamii moja, basi zile zenye nguvu zaidi ni chache zaidi, na mwangaza hupungua kwa mpangilio kutoka redio hadi nuru ya macho, na kutoka nuru ya macho hadi eksirei. Darubini ya Hubble ilionyesha kwamba nuru ya macho ya mkondo ule ilikuwa hafifu. Basi eksirei zilipaswa kuwa hafifu zaidi. Zilikuwa kali kuliko matarajio, mara nyingi. Na katika miaka iliyofuata Chandra ilikuta makumi ya mikondo yenye tabia hiyo hiyo, pamoja na ule wa 3C 273.

MAELEZO MAZURI, NA PADRE WA UBELGIJI

Mwaka 2000 na 2001 makundi mawili ya wataalamu, moja la Fabrizio Tavecchio na wenzake na jingine la Annalisa Celotti na wenzake, yalitoa maelezo yaliyowavutia wengi. Ili tuyaelewe, yatupasa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakifanya kazi katika kampuni ile ile ya Bell na katika Holmdel ile ile ya Jansky, walisikia mvumo hafifu wa redio uliotoka pande zote za anga kwa usawa. Mwaka 1965 ilitangazwa maana yake: ni masalia ya nuru ya mwanzo wa ulimwengu, iliyopoa hadi nyuzi zisizofika 3 juu ya sifuri halisi. Kila sentimita ya ujazo ya anga ina chembe zipatazo 410 za nuru hiyo. Habari hizo zilimfikia Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji muda mfupi kabla ya kifo chake, kilichotokea tarehe 20 Juni 1966. Yeye ndiye aliyeandika mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo wenye msongamano mkuu, na kwa miaka mingi alitafuta masalia ya mwanzo huo. Tukumbuke pia kwamba Padre huyo alisisitiza daima kuwa nadharia yake isimame au ianguke kwa ushahidi wa maumbile peke yake, wala isitumiwe kama hoja ya imani.

Basi maelezo yale yalikuwa haya. Chembe ya nuru ya masalia ikigongwa na elektroni iendayo kasi, huruka ikiwa na nguvu mpya kubwa, kama mpira uliotulia unapopigwa teke. Teke hilo laweza kuigeuza kuwa eksirei. Elektroni za kazi hiyo hazihitaji nguvu ya ajabu; zatosha zile za kawaida, na za kawaida huishi mamilioni ya miaka. Fumbo la kibatari likafutika kwa mara moja: hapakuhitajika kuongezewa mafuta njiani, kwani mafuta ya nyumbani yalitosha safari nzima. Kilichotakiwa ni sharti moja tu. Mkondo uwe bado unakwenda karibu kabisa na kasi ya nuru hata baada ya safari ndefu hivyo, na uwe umeelekea upande wetu. Kwamba mikondo huanza kwa kasi hiyo, hilo lilijulikana: Martin Rees alilitabiri mwaka 1966, na vipimo vya darubini za redio vya mwaka 1971 vikalithibitisha karibu na vitovu vya kwasari. Je, huendelea hivyo hadi mbali? Wengi walikubali kwamba inawezekana.

Yalikuwa maelezo safi. Yaliunganisha nuru ya kale kuliko zote na mikondo mikubwa kuliko yote. Kwa zaidi ya miaka kumi makala nyingi ziliandikwa juu ya msingi huo, na kasi na nguvu za mikondo zikahesabiwa kana kwamba jambo limekwisha.

UKIMYA ULIOTOA HUKUMU

Nadharia njema hubeba ndani yake mtihani wake. Mwaka 2006 Markos Georganopoulos na wenzake walionyesha tokeo ambalo maelezo yale hayawezi kulikwepa. Kama elektroni za nguvu ndogo zinaigonga nuru ya masalia na kutoa eksirei, basi zile za nguvu kubwa zaidi, ambazo tunazijua kwa redio na nuru ya macho, nazo zinaigonga nuru hiyo hiyo. Zao mateke ni makali zaidi, nayo yatatoa miale ya gama. Kiasi chake chaweza kuhesabiwa. Na kwa kuwa mkondo ni mkubwa mno, miale hiyo haiwezi kupanda na kushuka. Lazima iwepo siku zote, mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 11 Juni 2008 ilirushwa darubini ya miale ya gama iitwayo Fermi. Haikuweza kuutenga mkondo na kitovu cha kwasari, kwa kuwa macho yake hayana makali hayo. Lakini kitovu cha 3C 273 huwaka na kufifia. Eileen Meyer na Georganopoulos walifanya kazi ya subira: walikusanya vipindi ambavyo kitovu kilikuwa kimetulia, wakaviunganisha pamoja, wakatazama kama katika utulivu huo umebaki mng'ao ule wa kudumu ambao mkondo ulipaswa kuutoa. Mwaka 2014 walitoa matokeo yao. Mng'ao haukuwapo. Kama upo, ni mdogo kuliko kiasi ambacho maelezo yale yalikihitaji. Mwaka 2015 Meyer na wenzake walitoa jibu kama hilo kwa PKS 0637-752 yenyewe, kwasari iliyoanzisha habari yote.

Ushahidi mwingine ukafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2010 ilikwisha kutangazwa kwamba fundo moja katika mkondo wa galaksi iitwayo Pictor A liling'aa kwa eksirei kisha likafifia katika muda mfupi sana, jambo lisilowezekana kwa elektroni zinazoishi mamilioni ya miaka. Na mwaka 2016 picha za Hubble za 3C 273, zilizopigwa kwa muda wa takribani miaka ishirini, zilipolinganishwa, mafundo ya mkondo hayakuonekana kusogea. Kasi iliyotakiwa haikuwapo.

Haki yatutaka tuseme pia upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2016 uliripotiwa mkondo wa kwasari iliyo mbali zaidi, ambayo nuru yake imesafiri takribani miaka bilioni 11, nao ulikuwa na eksirei nyingi na redio kidogo mno. Enzi zile nuru ya masalia ilikuwa imesongamana zaidi ya mara mia kuliko sasa, na huko maelezo ya mateke yanaelekea kufaa. Kwa hiyo Tavecchio na Celotti hawakuota ndoto. Jambo walilolieleza lipo katika maumbile; ila halitoshi kueleza mikondo iliyo karibu nasi zaidi.

MAFUTA YANAONGEZWA NJIANI

Tukirudi basi kwenye kibatari chetu, lililobaki ni lile jibu ambalo wengi waliliona gumu. Eksirei za mikondo hiyo zatoka kwa elektroni za nguvu ya ajabu, elektroni zisizoweza kuishi safari nzima. Kwa sababu hiyo haziwezi kuwa zimetoka katika kitovu zikiwa na nguvu hiyo. Zimepewa nguvu pale pale tunapoziona, malaki ya miaka ya nuru mbali na shimo jeusi. Kitovu hutuma mwendo na sumaku. Nuru huwashwa njiani, tena na tena.

Hoja hii imepata shahidi katika bara letu. Huko Namibia, katika nyanda za juu za Khomas, kuna darubini za H.E.S.S. zinazotazama mimuliko ya samawati ambayo miale ya gama huizusha katika hewa. Baada ya kuitazama Centaurus A, iliyo umbali wa takribani miaka milioni 12 ya nuru, kwa zaidi ya saa 200, wataalamu walitangaza mwaka 2020 kwamba miale ya gama ya nguvu kuu haitoki katika kitovu pekee. Imetandaa kando ya mkondo kwa maelfu ya miaka ya nuru. Hilo ni tangazo la wazi kwamba elektroni za nguvu ya ajabu zimo humo, kila mahali, na hivyo zinaongezewa nguvu kila mahali. Ni kweli kwamba Centaurus A si kwasari, lakini ni ndugu yake aliye karibu.

Nani anayeongeza mafuta? Enrico Fermi mwaka 1949 alifikiri kwamba chembe huongezewa nguvu kwa kugongana mara nyingi na mawingu ya sumaku yanayosafiri angani. Baadaye wengine waliona kwamba kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kwenye mawimbi ya mshtuko, pale ambapo mkondo wa kasi unakutana na ulio polepole. Wengine wanataja misukosuko ya mkondo, au kukatika na kuungana upya kwa mistari ya sumaku. Tarehe 9 Desemba 2021 ilirushwa darubini ya IXPE, yenye uwezo wa kupima upande ambao eksirei hutikisika, yaani alama ile ile ambayo Baade aliitafuta mwaka 1956. Mwaka 2022 iliutazama mkondo wa galaksi iitwayo Markarian 501, ambao umeelekea moja kwa moja kwetu. Alama hiyo katika eksirei ilikuwa asilimia 10 hivi, yapata maradufu ya ile ya nuru ya macho. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa kama elektroni huwashwa kwenye wimbi la mshtuko, mahali ambapo sumaku imepangika, kisha zikipoa hutawanyika kwenda mahali palipovurugika. Kipimo hicho ni cha karibu na kitovu. Kwa mafundo ya mbali kazi bado inaendelea.

Kituo kikuu cha kupokea habari za IXPE kiliwekwa Malindi. Zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru kuondoka pwani ile, jibu la swali lililofungwa ndani yake lilishuka karibu na pale pale.

Wapendwa, tunajifunza nini? Kwanza, kwamba Curtis alitenda vema kuandika asichokielewa bila kukipamba. Pili, kwamba maelezo yanaweza kuwa mazuri, yakakubaliwa na wengi, yakawa na akili nyingi ndani yake, na bado yakashindwa. Aibu ingekuwa kukataa kuyapima. Georganopoulos na wenzake waliyachukua maelezo hayo kwa uzito wote, wakayafuata hadi mwisho wa hesabu, wakauliza: kama hili ni kweli, ni nini kingine lazima kiwe kweli? Kisha wakasubiri miaka minane kusikia jibu, na jibu likawa ukimya. Ni vigumu kuupokea ukimya kama jibu. Mara nyingi sisi hupenda kusema kwamba hatujasikiliza vya kutosha.

Nasi katika mambo yetu ya kila siku, tunapokuwa na maelezo yanayotupendeza kuhusu jirani, kuhusu jamaa au kuhusu matukio ya nchi, tungefanya vema kuuliza swali hilo hilo, na kulikubali jibu lijapo.